Umemaliza Kirusi cha mwanzo? Usirudie, wala usiache (Sehemu ya 3)

 

Tangu niandike sehemu ya pili, inboksi yangu imejaa swali moja, limebadilishwa maneno tu. "Nesi, nimemaliza Kirusi cha mwanzo, miezi mitatu. Nikikutana na mgeni nasema 'privet, kak dela' vizuri tu, akinijibu nimekwama. Nirudie la mwanzo au niachane nacho?" Wengine mmeongeza: "Baba watoto anasema hela imepotea."

Jibu langu nalitoa mapema ili mwenye haraka aende jikoni. Usirudie la mwanzo. Usiache. Panda la pili, na upande pamoja na wenzako mliomaliza nao, hata kama mmebaki watano. Aliyebaki na nafasi akae nimweleze, maana nina maneno pia kwa wanaofungua haya madarasa na kwa kina baba.

Kwa walioko Bara wanaoshangaa Kirusi kimefikaje Unguja: tangu mwishoni mwa 2020, nchi nyingi zilipokuwa zimefunga mipaka kwa ajili ya korona na sisi tukawa wazi, Warusi walianza kuja kwa ndege nzima nzima. Wengi wanakuja na watoto. Kwa hiyo leo Kirusi kinatakiwa na msusi wa pwani, mpaka hina, muuza vikoi, kijana wa boti, mhudumu wa hoteli, na sisi wa zahanati. Mtoto wa Kirusi akiharisha saa nane za usiku, haharishi kwa Kiingereza. Na mama yake mara nyingi Kiingereza chake ni kama cha kwangu cha darasa la tano.

Maneno ya Kirusi nitayaandika kwa herufi zetu, kama yanavyosikika. Maalim wetu atanisamehe.

Sasa kwa nini unakwama? Watu wanadhani wamekwama kwa sababu hawana akili ya lugha. Si kweli. Warusi wenyewe wana mtihani wao kwa wageni, wenye ngazi. Ngazi ya chini kabisa inataka kama maneno 780. Inayofuata kama 1300. Ya tatu, ambayo vyuo vikuu vya Urusi vinaitaka kwa mwanafunzi anayeanza masomo kwa Kirusi, kama 2300. Darasa la miezi mitatu, jioni mbili kwa wiki, likienda vizuri sana ndiyo kwanza linakukaribisha kwenye ile ya chini. Hukushindwa, shoga. Umesimama mlangoni tu.

Tena sikiliza hii. Serikali ya Marekani inafundisha mabalozi wake lugha, na wamekadiria kila lugha inachukua muda gani mpaka mtu aweze kufanyia kazi. Kiswahili chetu wamekipa kama wiki 36. Kirusi, kama wiki 44, saa za darasani 1100, na hao wanasoma kutwa, wanalipwa mshahara, hawana wa kumbembeleza. Sisi tunasoma saa tatu kwa wiki. Piga hesabu mwenyewe: ni zaidi ya wiki 360, karibu miaka saba. Siwatishi. Wewe hutaki kuwa balozi, unataka kusuka nywele au kuuliza mtoto ametapika mara ngapi. Lakini anayekwambia "miezi mitatu utaongea kama Mrusi" anataka ada yako.

Halafu kuna jambo ambalo darasa la mwanzo linakuficha, kwa nia njema. Mwanzoni unapewa maneno matupu: maji, mkate, bei gani, asante. Kila siku unarudi nyumbani na kitu. Raha. Darasa la pili unakuta yale maneno uliyoyajua yanabadilika mkia. Maji ni "voda". Lakini kunywa maji ni "vodu". Glasi ya maji inakuwa "vody". Kumezea dawa kwa maji ni "vodoi". Neno lilelile moja! Hapo ndipo watu wanaona walichojua kimepotea, na hapo ndipo viti vinaanza kuwa wazi. Kwetu tulianza ishirini na mbili. Wiki ya nne ya darasa la pili tulikuwa tisa.

Nataka niseme kitu ambacho sijaona mtu akiwaambia mama zetu: Mswahili ana mtaji kwenye lugha hii, ila anausahau kwa sababu anaipitia kwenye Kiingereza. Kiingereza kinasema mtu "ana maumivu ya kichwa". Sisi tunasema kichwa kinaniuma. Kichwa ndicho kinachofanya kazi, mimi nimeumwa tu. Mrusi naye anasema hivyohivyo: "u menya bolit golova", yaani kwangu kinauma kichwa. Sikio likiwa moja, "bolit ukho". Yakiwa mawili, "bolyat ushi". Sikio linauma, masikio yanauma! Ukikipitia kwenye Kiingereza utahangaika, ukikipitia kwenye Kiswahili unaingia mlango wa mbele.

Na ule upatanisho unaowatoa jasho Wazungu wengine? Mtoto mdogo, kiti kidogo, nyumba ndogo, sisi tumezaliwa nao. Mrusi ana aina tatu tu za majina: mvulana mdogo ni "malenkiy malchik", msichana mdogo ni "malenkaya devochka", na ile ya tatu ya vitu. Tatu! Anayejua ki-vi, li-ya na u-zi anaogopa tatu? Tofauti ni kwamba sisi tunabadilisha kichwa cha neno, wao wanabadilisha mkia. Na hata mkia si mgeni sana kwetu. Nyumba, nyumbani. Hospitali, hospitalini. Ila kwetu "yupo hospitalini" na "anaenda hospitalini" ni mkia mmoja, na wao wanatenganisha: aliyepo yuko "v bolnitse", anayekwenda anakwenda "v bolnitsu". Ukilielewa hilo moja umeelewa darasa la pili linahusu nini.

Tuje kwenye sababu yangu kubwa, ya kinesi.

Kirusi nusu kwenye bei ya boti hakina hasara kubwa. Mtu atakosea, watacheka, watahesabu kwa vidole, biashara itaisha. Vijana wetu wa ufukweni, papasi, wanaongea Kirusi cha kuokota, hawajakanyaga darasa, hawana mkia wala kichwa cha neno, na wanauza safari kila siku. Nawavulia kofia, wana masikio makali kuliko yangu. Lakini Kirusi cha kuokota kikiingia kwenye dawa, mambo yanageuka.

Mfano wa kweli, uliotokea msimu uliopita. Mama mmoja mgeni alinunua dawa ya homa ya mtoto kwenye duka fulani la dawa. Muuzaji, kijana mwenye nia njema, alitaka kumwambia ampe kila baada ya saa sita. Hiyo ni "kazhdie shest chasov". Yeye akasema "v shest chasov". Hiyo maana yake ni "saa kumi na mbili", ile ambayo kwenye saa ya mkono ni sita. Mama akampa mtoto jioni, jua likizama. Akalala, akasubiri jioni nyingine. Kesho yake mchana wametufikia mtoto anachemka, mama analia, anasema dawa yenu haifanyi kazi. Dawa ilikuwa nzuri. Lililokosewa ni neno mbele ya saa.

Na hapo Mswahili ana mtego wa ziada, si mnaona? Saa zetu na zao zimepishana sita. Anayesikia "shest" kichwani anasikia sita, akitafsiri saa ya ukutani anafika saa sita mchana, wakati mgeni yuko kwenye machweo. Kwa hiyo kuna makosa mawili yanayoweza kupandana: kila saa sita au saa ya ngapi, na saa ya kwao au ya kwetu. Hii haifundishwi wiki ya kwanza. Inafundishwa darasa la pili, na inataka kurudiwa mpaka ulimi uchoke.

Mwingine huu. Kirusi kina vitenzi vya jozi. Kimoja ni cha jambo linaloendelea au la kila mara, kingine ni cha jambo la mara moja linalokwisha. "Prinimaite" ni meza, endelea kumeza, kwa mfano mara tatu kwa siku. "Primite" ni meza hii, sasa, basi. Ukimwambia mgonjwa wa antibayotiki "primite", amesikia kidonge kimoja. Au mtoto anayeharisha: nauliza amekunywa maji ya chumvichumvi na sukari tuliyompa? Mama akijibu "pil", alikuwa anakunywa, pengine kadogo. Akijibu "vypil", amekunywa yote akamaliza kikombe. Kwangu mimi tofauti ya hayo majibu mawili ndiyo inayoamua mtoto anabaki kitandani au anakwenda hotelini kwake. Na ni silabi moja tu imeongezwa mbele!

Kuna na hesabu ya umri. Mwaka mmoja "odin god", miwili "dva goda", mitano "pyat let". Hii nisiwachoshe, inazoeleka. Dozi ya mtoto tunaiangalia kwa uzito kwanza, umri unakuja nyuma, basi jifunze mapema kuuliza ana kilo ngapi.

Kinachonichekesha ni yale ambayo kitabu hakikwambii lakini kundi litakwambia. Mgeni ameumwa tumbo, anaingia dukani anaomba "ugol". Kamusi inasema makaa. Muuzaji anamtolea macho, huyu anataka kuchoma samaki? Kumbe anataka vile vidonge vyeusi vya mkaa wa dawa, kwao ni kitu cha kila nyumba. Mwingine anaomba "zelyonka", dawa ya kijani ya kupaka vidonda, ambayo mama wa Kirusi anampaka mtoto mwenye tetekuwanga mpaka anakuwa madoadoa ya kijani. Neno "stul" umejifunza ni kiti, halafu unasikia mama anakwambia mtoto ana "zhidkiy stul". Kiti cha majimaji? Ni choo chake ndicho laini. Na joto wanapima kwapani, na kwao mtoto mzima ni 36.6, wanalikumbuka hilo tangu wadogo. Mama akikwambia "u nego temperatura", hasemi ana joto la mwili kama binadamu wote. Anasema ana homa.

Haya yote sikuyapata kwenye simu. Niliyapata kwenye kundi, na hapo ndipo ninapogombana na wanaosema siku hizi darasa la nini, kuna programu za bure. Programu nazipenda, ninayo moja, naifungua kwenye daladala. Ni nzuri kwa kukumbusha maneno. Lakini haina mtu wa kukujibu usichokitegemea. Darasani kwetu jioni moja mimi nilikuwa nesi, mwenzangu anayesuka nywele alikuwa mama wa mgonjwa. Nikamuuliza mtoto amekula nini. Kitabu kinasema atajibu supu. Yeye, kwa mambo yake, akajibu mtoto ameumwa na nyani! Nilijua hilo neno la nyani? Nililijua usiku huohuo na silisahau mpaka naingia kaburini.

Kundi lina faida nyingine. Kosa la mwenzako linakufundisha bila kukuaibisha. Maalim akimsahihisha kijana wa boti "si voda, ni vodu", watu tisa tumesahihishwa. Msusi analeta maneno ya kichwa, nywele, kuvuta, kuuma. Dada wa hotelini analeta kitanda, maji ya moto, kiyoyozi. Mimi naleta kuharisha, samahani. Mwisho wa mwezi kila mtu ana maneno ya kazi ya mwenzake, na ndiyo maisha, kwa sababu mgeni huyohuyo asubuhi yuko kwenye boti, mchana kwa msusi, usiku kwangu. Mwalimu wa peke yako ni mzuri kwa mwenye uwezo, lakini utaongea na mtu mmoja tu, anayekuelewa hata ukikosea.

Na kuna heshima. Darasa la mwanzo linafundisha "privet" kwa kila mtu kwa sababu ni rahisi kutamka. Kumwambia bibi wa miaka sabini "privet" ni sawa na kijana amwambie bibi yako "mambo". Wanalo neno lao la heshima, "zdravstvuite", gumu kama kutafuna mfupa, na wana "wewe" mbili: "ty" ya rafiki na mtoto, "vy" ya mkubwa na usiyemjua. Sisi watu wa shikamoo tunapaswa kuwa wa kwanza kulijua hili. Nimeona bibi wa Kirusi aliyekuja na mjukuu, uso umekunja, akasalimiwa kwa "zdravstvuite" na "vy" iliyokaa sawa, akalegea mabega.

Sasa kwa nyinyi mnaofungua madarasa. Sitaji jina la mtu. Nimehesabu matangazo barabarani na kwenye magrupu: Kirusi cha mwanzo, Kirusi cha mwanzo, Kirusi cha mwanzo. La pili liko wapi? Jibu mnalotupa ni kwamba watu hawatimii. Naelewa, ukumbi unalipiwa. Lakini mnajua pia kwamba mama aliyekosa la pili atarudi kulipia la kwanza upya, na hilo linawalipa nyie. Nina mwenzangu, mama wa watoto wanne, amelipia darasa la mwanzo mara tatu sehemu tatu tofauti. Ana vyeti vitatu kwenye fremu. "Kak dela" yake ni safi kuliko ya Mrusi. Lakini swali la pili hana. Miezi tisa ya ada ya kupika vitumbua, kina mama, imekwenda kwenye kurasa ishirini zilezile za kitabu kilekile.

Ningekuwa na mamlaka ningesema hivi: kabla hujafungua la mwanzo, watangazie wanafunzi tarehe ya la pili. Na la pili lianze masika. Mnaanzisha Desemba, wakati hoteli zimejaa, kila mtu yuko kazini mpaka usiku, halafu mnashangaa viti vitupu! Machi mpaka Mei mvua inanyesha, hoteli nyingi za pwani zinafunga, kina mama wako nyumbani, vijana wanacheza bao. Huo ndio muda wa mikia ya maneno. Ramadhani ikiangukia humo, sogezeni baada ya tarawehe au mfanye Jumamosi asubuhi. Inawezekana, sisi tumefanya.

Kwa kina baba. Najua wengine mnasoma hizi posti kwenye simu za wake zenu, karibuni. Mkeo akiwa la mwanzo ulimsifia kwa sababu alirudi na wimbo wa salamu, watoto wakacheka. La pili anarudi kimya, amechoka, anasema hajui kitu. Usimwambie hela imepotea. Hapo ndipo anajifunza kweli. Anachohitaji ni jioni mbili: umpokee mtoto, uji uliopo sufuriani umpashe, na usimpigie simu mara nne kuuliza nepi ziko wapi. Nepi ziko palepale.

Wenye watoto wachanga msiniulize kama muwaachishe ziwa ili muende darasani. Hapana! Mtoto wa chini ya miezi sita anataka maziwa ya mama tu, hata maji hataki, basi anakuja naye darasani. Sisi tuna mkeka barazani na binti wa jirani anayeangalia wakubwa kidogo, tunamchangia. Wawili wananyonyesha huku wanasoma. Maalim mwanzo alikuwa anaangalia dari, sasa amezoea. Yeye alisoma huko enzi za Wasovieti, anasema baridi aliyoiona kule, kilio cha mtoto si kitu.

Mwenye kijana anayetaka kwenda kusoma udaktari Urusi naye alisikie hili. Wageni wengi wanaosoma kwa Kirusi wanaanza na mwaka wa maandalizi, karibu wote ni lugha, kabla hata hajashika kitabu cha mwili wa binadamu. Chuo kikuu cha Patrice Lumumba kule Moscow, kilichoanzishwa 1960 kwa ajili ya vijana wa nchi kama zetu, kimepokea Waafrika miaka yote hiyo, na baba zenu wengine wamepita huko. Kijana aliyefika na darasa la pili kichwani ana nafuu kubwa miezi ya mwanzo, ile ya giza na theluji. Aliyefika na "privet" tu anaanza na wote, si mbaya, lakini ulikuwa na uwezo wa kumpunguzia.

Tahadhari mbili kabla sijafunga.

Ya kwanza, darasa la pili halikufanyi mkalimani. Mgonjwa anatakiwa kusaini karatasi ya upasuaji, au unampa mzazi habari mbaya, hapo weka Kirusi chako mfukoni. Tafuta mtu anayekijua kikamilifu. Mara nyingi kampuni ya bima ya mgeni ina namba ya simu ya mtu wa lugha yake, ipigeni. Mimi huwa natumia Kirusi kumwambia mama: subiri, namtafuta mtu wa kukueleza vizuri. Sentensi hiyo moja inamtuliza kuliko nikianza kubabaisha habari ya utumbo wa mwanawe.

Ya pili, si kila anayefanana ni Mrusi. Kuna watu wa Kazakhstan, Belarus, na Ukraine, na wengi wao Kirusi wanakijua. Lakini mnakumbuka Februari 2022, vita ilipoanza, kulikuwa na Waukraine wamekwama hapahapa kwenye hoteli zetu hawana pa kurudi. Wengine tangu hapo hawataki kusemeshwa Kirusi, na wana haki yao. Uliza kwanza kwa upole, Kiingereza cha maneno mawili kinatosha: lugha gani unapenda? Ukikuta mama wa Kiukraine amekubali Kirusi kwa sababu mtoto anaumwa, shukuru na uende kwenye shida yake moja kwa moja.

Basi. Aliyemaliza la mwanzo, fanya hivi wiki hii. Watafute uliosoma nao, namba zao si bado unazo? Mkipatikana watano, nendeni pamoja kwa mwalimu wenu mkamwambie tunataka la pili na tuko tayari kulipa la miezi miwili kwanza. Kabla ya kulipa muulize maswali matatu: tutaongea sisi kwa sisi kila kipindi au tutanakili ubaoni tu? Utatufundisha maneno ya kazi zetu? Na darasa likibaki na watu wanne utaendelea? Akisitasita kwenye la tatu, muombe aandike kwenye karatasi.

Walioko upande wa Paje na Jambiani, sisi tunaanza Jumamosi ya kwanza baada ya hoteli kufunga, barazani palepale. Njoo na daftari, na mwenye mtoto aje na khanga ya ziada. Wiki ijayo narudi kwenye uji wa lishe, yule aliyeuliza kuhusu karanga na mtoto wa miezi saba sijakusahau.